Bonge la Nta

Harufu ya nta ikinipata sokoni Isevya, ulimi hunikauka mpaka leo.

Nyumbani mama alisuka mikeka huku akighani mashairi, nami sikujua kama shairi lina njia nyingine ya kutoka kinywani. Kwa hiyo siku mwalimu aliponisimamisha nisome shairi la kitabuni, nililighani kama mama, na darasa zima likaniitikia.

"Shairi husomwa!" alifoka. "Kesho anakuja bwana mkaguzi, Mzungu. Unataka adhani nafundisha ngoma hapa?"

Mezani alikuwa na nta ya kung'arishia kabati. Akamega bonge, akanijaza kinywani, akaniamuru nikae nalo mpaka kengele. Udende ulinichuruzika kwenye gauni, na wenzangu walitazama chini.

Sasa mwalimu wa darasa lile ni mimi. Yeye ni mzee, nyumba yake imepakana na ua wa shule. Kila asubuhi naanza na shairi lilelile, na wanafunzi wangu wanaliimba kwa nguvu zao zote.

Juzi mjukuu wake, ninayemfundisha, alinijia mezani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Babu anaomba tusiimbe. Anasema shairi husomwa."

"Wewe umelihifadhi?"

"Lote, mwalimu."

Nikafungua dirisha la upande wa kwao, nikamsimamisha hapo.

"Basi leo utaanzisha wewe."

Ana sauti kali, mtoto yule. Inafika mbali.