Giaboksi ya Mama Mikate

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, humtangulia jogoo kuamka. Hupakia mikate ya moto kwenye gari ambalo watu wa mtaani hutania kwamba lilizaliwa kabla ya mwenyewe. Ni uongo, wamekaribiana tu. Ni gari la mizigo la zamani, la aina isiyotengenezwa tena, rangi yake kama maziwa yaliyoanza kuchacha. Limesomesha watoto, na siku kaka alipofariki ndilo lililobeba jeneza. Wenye maduka, kuanzia zahanati hadi juu kilimani, humwita Mama Mikate, na wengi wao hawajui jina lake jingine.

Zamani magari ya namna ile yalikuwa mengi mjini kwetu. Fundi bomba alikuwa nalo, muuza mkaa alikuwa nalo, hata karani wa mahakama. Yote yalikuwa yakikarabatiwa na mzee mmoja aliyeitwa Fundi Polepole, na jina lilimstahili. Gari moja kati ya hayo lilipokufa kabisa, mwenyewe aliliacha nyuma ya gereji ya mzee, na hapo ikaanza desturi ambayo mimi naiheshimu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Ukihitaji kipuri, ulikichomoa kwenye lile gofu, kisha ukaweka kibovu chako mahali pake. Kibovu cha huyu leo kilikuja kumfaa yule kesho, maana ni nadra kifaa kuharibika chote. Kufa kufaana, alisema Fundi Polepole, naye hakuwa mtu wa maneno.

Hakuna aliyeandika lolote. Tuliaminiana, na kwa kuaminiana huko tulifanya ujinga. Wahenga walishatuonya kuhusu mali bila daftari.

Mzee alipofariki, mwanawe aligeuza gereji kuwa mahali pa kuoshea magari. Wakati huohuo alikuwa ametokea mjini bwana mmoja nadhifu aliyenunua kila gari la aina ile. Watu wakamwita Bwana Makumbusho. Wa kwanza kumuuzia walimcheka: nani mwenye akili ananunua mkweche? Wa mwisho walilia, kwa kuwa walisikia gari walilouza kwa bei ya mbuzi limeuzwa ng'ambo kwa bei ya nyumba. Kadiri yalivyopungua barabarani, ndivyo yalivyopanda bei kwenye banda lake. Kuna watu huita jambo hilo akili ya biashara. Mimi nimesoma kidogo, na chuoni tulifundishwa kwamba kitu kikiadimika hupanda bei. Hatukufundishwa kwamba mtu anaweza kukaa akakiadimisha kwa makusudi, na jamii ikamwita mwerevu.

Basi gia ya tatu ya Mama Mikate ikakatika meno, mlimani, mikate ikiwa nyuma. Siku hiyo aligawa mikate kwa mkokoteni, akarudi nyumbani miguu imevimba. Fundi wake alifungua giaboksi, akatikisa kichwa, kisha akamuuliza giaboksi yake ya kwanza iko wapi, ile iliyokufa gia ya pili. Mama Mikate alikumbuka vizuri. Aliiweka mwenyewe kwenye gofu la Fundi Polepole siku alipochukua hii. Fundi akasema hapo pona ipo: katika mbili zilizokufa atatoa moja nzima.

Tulipofika kwenye gereji ya zamani, tulikuta sakafu ya saruji na povu la sabuni. Gofu halikuwepo. Mtoto wa Fundi Polepole alituambia bila kupepesa macho kwamba amemuuzia Bwana Makumbusho. Shemeji akamweleza kwa upole kwamba lile gofu lilikuwa la wote, na ndani yake mlikuwa na giaboksi yake.

"Mama mdogo," alijibu, "uwanja ni wangu. Kilichokaa juu ya uwanja wangu ni cha nani?"

Nilitaka kumuuliza kama na wateja waliosimama pale na magari yao ni mali yake. Shemeji alinivuta mkono.

Banda la Bwana Makumbusho lilikuwa safi kuliko zahanati yetu. Magari yalipangwa safu mbili, yamefunikwa mashuka meupe, nami nikamwona shemeji akiyatambua moja moja kwa umbo kama mtu anayetambua maiti. Hili la fundi bomba. Hili la karani. Aliuliza kama yanatembea. Bwana akacheka, akasema kutembea kunayachosha.

Alimsikiliza shemeji hadi mwisho, kisha akauliza kama ana karatasi ya hiyo giaboksi. Hana. Basi, akasema, yeye hauzi vipuri. Hununua magari. Yuko tayari kulinunua la kwake, ila kwa kuwa halitembei atalipa bei ya chuma. Alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya magari yasiyotembea, anayoyauza kwa bei ya nyumba, wala uso haukumbadilika. Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la aibu. Akaniita mwalimu, ingawa mimi si mwalimu, akasema soko halina aibu.

Nyumbani, binti mkubwa wa shemeji alimsihi auze tu yaishe. Mama mtu akamuuliza bei ya chuma inanunua magurudumu mangapi ya kubebea mikate. Maduka mawili yalikuwa yameshatafuta mwokaji mwingine.

Kesho yake shemeji alirudi kwa Bwana Makumbusho, nami nikamfuata kwa hasira zangu. Safari hii hakuomba. Alilizunguka polepole lile gofu lililowekwa pembeni mwa banda, akaona lisichokuwa nacho. Bampa lake lilikuwa limepinda, na shoo, ule wavu wa chuma wa mbele, ulikuwa na meno matatu kama kibogoyo. Ndivyo tulivyoviacha, kila mmoja alipochukua kizuri na kuweka kibovu chake. La kwake yeye lilikuwa na bampa na shoo vinavyong'aa, kwa sababu kaka alivisugua kila Jumapili.

"Wewe unataka sura," alimwambia. "Mimi nataka giaboksi. Chukua bampa na shoo yangu, nipe hiyo, na hivi vilivyopinda viwe vyangu."

Yule bwana alijifanya kufikiri. Macho yake yalikuwa yameshakubali.

Nilimpinga shemeji wazi, pale pale. Nilimwambia anakinunua kilicho chake, na anakinunua kwa jasho la kaka yangu.

"Shemeji, kaka yako alisugua ili gari lipendeze likienda kazini," akasema. "Mlimani wanataka mkate."

Hata sasa sijakubali. Wizi ukifanywa kwa kupeana mikono haugeuki kuwa biashara, nami sitachoka kusema hivyo kwa yeyote atakayenisikiliza.

Fundi alifanya kazi siku nzima, akatoa moja katika mbili. Gari likapanda mlima likiwa na bampa lililopinda na shoo ya kibogoyo, na maduka yale mawili yakarudi yenyewe, kwa kuwa mikate ya yule mwingine ilikuwa ya jana. Gofu nalo lilisuguliwa, likapakwa rangi, likapelekwa ng'ambo, sura ya gari la kaka ikiwa mbele. Sasa hakuna gofu jingine. Kitakachokatika safari ijayo hakina pa kuchukuliwa.

Bwana Makumbusho analijua hilo kuliko sisi. Hupita pale kwenye tanuri la shemeji na gari lake jipya, hushusha kioo, humwamkia kwa adabu nyingi. Juzi nilikuwepo.

"Mama, bado linatembea?"

"Bado, mwanangu," shemeji akajibu, akiendelea kupakia. "Sogea kidogo, umenizibia njia."