Taulo Begani mwa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na desturi moja ambayo bintiye aliijua tangu utotoni: kila akipitisha wembe shavuni mwa mteja, aliupangusa kwenye taulo lililokaa begani mwake mwenyewe. Pitisha, pangusa. Pitisha, pangusa. Ikifika jioni taulo limelowa povu, na binti ndiye aliyelifua.

Siku hiyo binti alikuwa akifagia nywele mlangoni. Akainua macho, akaona taulo kavu. Kavu kabisa, na fundi magari aliyeketi kitini amenyolewa nusu uso.

Baba alikuwa ameduwaa, wembe umeganda hewani karibu na koo la mteja. Macho mekundu, yanakitazama kioo kana kwamba mle ndani kuna mtu asiyemjua.

"Mzee, leo unaninyoa au unanipiga picha?" fundi magari akatania, macho kayafumba.

"Hivi... upande huu nimeshaupitia?"

Fundi magari akaangua kicheko. Binti hakucheka. Aliweka ufagio chini polepole asije akamshtua.

"Baba, nipe wembe nikausuuze."

"Niache nifanye kazi, mama."

Binti akauchukua taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Mara mzee akaporomoka, kichwa kikagonga ukingo wa sinki.

Fundi magari aliruka na povu lake usoni. Wakambeba hadi kwenye gari la fundi, wakakimbilia zahanati.

Muuguzi alipima, akakunja uso. Presha chini mno, moyo unakwenda mbio. "Mzee amekula nini? Amekunywa nini?"

"Chai tu," baba akajibu kwa ulimi mzito, huku akimkazia binti macho: funga mdomo.

Binti alijua kilichokuwa kwenye chai ile. Mgongo ulimnyima baba usingizi, rafiki yake akamletea bangi, akamwambia ni majani tu kama majani mengine. Baba akawa anaichemsha na maziwa, anaitia kwenye chupa ya chai, anakuja nayo kazini. Binti aliinusa, akanyamaza kwa aibu na kwa kuogopa polisi. Asubuhi ile alimwona akimimina kikombe cha pili. "Cha kwanza hakijashika," mzee alisema.

Akamtazama baba, kidonda kichwani, midomo imepauka.

"Ni bangi," akasema. "Anaichemsha kwenye maziwa. Na dawa za presha anameza hapohapo."

Baba akageuza uso ukutani.

Muuguzi hakufoka. "Ikinywewa huchelewa kushika. Mtu akiongeza, yote humjia kwa mpigo. Kwa umri wake, na hizo dawa za presha, ndiyo kizunguzungu, ndiyo kuanguka. Kichwa tutakiangalia. Mgongo nao tutautafutia dawa."

"Umenivua nguo mbele za watu," mzee akanong'ona alipotoka muuguzi.

"Ningenyamaza ningekuzika, baba."

Sasa mzee amerudi kazini, na chupa ya chai haipo tena. Lakini binti akishika ufagio, jicho lake liko begani mwa baba.

"Unanichunga kama mwizi!"

"Nyoa, baba."

Pitisha. Binti anabana pumzi. Pangusa. Anaiachia.