Majani ya Kwenye Uzio

Mama yangu alianguka jikoni, akatapika kijani. Mimi pia tumbo lilikuwa linanikata, lakini nilimshika kichwa. Akaniuliza, "Mwanangu, umenipa nini?" Nikasema lengalenga, mama. Ni lengalenga tu.

Bon, nirudi nyuma. Baridi ilikuwa imeisha hapa Shively, upande wa Louisville. Kwenye uzio wa nyuma ya nyumba yakaota majani mapana, laini, shina lina wekundu. Tangu tufike Amerika tulikuwa tunakula mboga za duka, hazina hata harufu. Mama alipoyaona akapiga vigelegele. "Kumbe lengalenga, mchicha wetu, zilitutangulia!"

Mzee jirani, mwenyeji wa hapa, alikuwa amesimama ng'ambo ya uzio. Binti yangu akamuuliza kwa Kiingereza kama yanaliwa. Akacheka, akajipapasa tumbo. "Anasema mama yake alikuwa anayapika kila mwaka," binti akanieleza. Donc nikachuma.

Nilichemsha kama kwetu, mara moja. Kwetu maji ya mboga hayamwagwi. Kabla ya kutia mafuta ya mawese unayachuja kwenye kikombe, unampa mkubwa wa nyumba, ndiyo heshima yake. Mama akatoka na kikombe chake, akakaa kwenye ngazi za nyuma, akamwinulia mzee kule ng'ambo ya uzio. Mzee akampungia mkono.

Binti hakula, yeye alitaka piza. Ndiye aliyeita ambulansi.

Mama alifia hospitalini. Daktari alisema majani yale ni sumu, akasema tena moyo wake ulikuwa umechoka. Sasa ni majani au ni moyo? Sielewi. Ndege wanakula matunda yake meusi, hawafi. Mzee anakula, hafi. Nilipoenda na binti kumuuliza, akasema yanachemshwa mara tatu na maji yote yanamwagwa. Alisema hivyo kama vile kila mtu anajua.

Kaka yangu wa Columbus akapiga simu: "Ulimlisha mama magugu?" Huko Buffalo ndugu wananiita mpishi wa mazishi. Mimi peke yangu? Na yule wa shirika la wakimbizi aliyetufundisha maisha ya Amerika tulipofika? Alituonyesha kengele ya moshi na choo, jani hata moja hakuonyesha.

Lakini wewe mzee jirani ndiye wa kwanza kulaumiwa. Kikombe ulikiona. Ulijua kilichomo, au hukujua? Njoo hapa kwenye uzio, binti yangu akiwepo, unijibu.