Nilimfuata firigogo hadi jangwani Hispania, mke wangu akanifukuza kwenye maji akiwa Birmingham

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, nyumbani walishanicheka.

Mimi ni Msomali wa Kenya, nimekulia Eastleigh. Sasa naishi Bordesley Green, Birmingham, nasukuma vitanda hospitalini. Starehe yangu ni birding, yaani kutazama ndege. Ndugu zangu wanaona nina kichaa cha aina yake.

Kuna ndege nilimtamani sana: firigogo. Anafanana na njiwa, anaishi sehemu kavu, na asubuhi huruka mbali kwenda kunywa maji. Nilitaka picha yake akinywa. Moja tu, niitundike sebuleni.

Nikachukua likizo, nikapanda ndege hadi Hispania, nikakodi gari, nikaelekea peke yangu nyanda za juu, jangwa tupu.

(Kuendesha upande wa kulia acheni tu. Kila roundabout nilikuwa natoa shahada.)

Nikapata kidimbwi cha kunyweshea kondoo, maji pekee niliyoyaona eneo lile. Nikapiga kihema changu cha kujificha ukingoni kabisa, camera tayari.

Asubuhi ya kwanza firigogo wakaja. Wakazunguka juu wakilia, wakaondoka.

Ya pili, vilevile.

Asubuhi ya mwisho, kabla ya flight, wakazunguka tena. Niliumia, wakuu. Nikampigia mke wangu video call angalau anipe pole.

Mama Ilyas amekulia kwa wafugaji, Wajir. Pole hakunipa. Aliwasikiliza wale ndege, akauliza, "Kwani wewe umekaa wapi?"

"Hapa kwenye maji, karibu kabisa."

"Sasa watakunywa aje na umewakalia kisima? Kwetu ukishanywesha mbuzi unatoka, wengine wapate. Na hao wako na watoto, baba yao huwabebea maji kwa manyoya ya tumbo. Toka hapo, Baba Ilyas!"

"Lakini picha..."

"Toka, please. Wako na kiu."

Nikakunja kihema. Nilikasirika, sitaficha. Nikatembea hadi kwenye gari, mbali, ambako lens yangu haifiki.

Sijakaa vizuri kitini, wakashuka. Wengi! Kwa macho yangu zilikuwa nukta za kahawia tu pembeni mwa maji. Nikageuza simu naye aone.

Niliporudi, kijana wetu Ilyas akanidaka mlangoni, "Dad, did you get the picture?"

Kabla sijajibu, mama yake akasema kutoka jikoni, "Walikunywa."

Alisema kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwake kuhusu ndege zangu.

Somo nililopata ni kwamba wale ndege hawakuja pale kwa ajili yangu. Siku hizi nikifika mahali, kwanza naangalia nimemzuia nani.

Ukuta wa sebuleni bado mtupu. Wafugaji mliomo humu, ongezeni mnayoyajua. Wengine niulizeni kuhusu jangwa, gari, hata kihema.

Picha tu msiniombe.