Awarudishe Yeye Mwenyewe

Nilitaka mume wangu aaibike mbele ya watu. Sikutaka kitu kingine. Watu wakiniuliza kama nilitaka nyumba au matunzo ya watoto, nilijibu ndiyo, lakini moyoni nilitaka asimame mahakamani, katika tribinali ya Kasongo, wanawake wa sokoni wamejaa kwenye madirisha, na mambo yake yote yasomwe kwa sauti.

Alikuwa mwalimu katika shule ya kanisa hapa mjini. Miaka mitatu kabla ya hapo alikwenda Salamabila kununua dhahabu kwa wachimbaji, akaniacha na mabinti wetu wawili na cherehani yangu. Mwanzoni alirudi kila Pasaka. Baadaye zilirudi salamu tu. Halafu siku moja baba yake mdogo akanikuta nikipima sare za kwaya, akakaa, akavua kofia.

"Mama, mutoto wetu ananituma," akasema. "Anasema ndoa imekwisha. Kule iko na bibi mwingine, na yule bibi iko na mimba."

Niliendelea kupima. Nilikata ile sare vibaya, ikabidi nimlipe mwenyewe kitambaa kingine.

Mdogo wangu wa kiume, anayeuza sabuni sokoni, alifika kabla sijaweka mkasi chini. "Yaya, dada yangu, tumukokote mbele ya juge wa tribinali," akasema. "Atajuta kuzaliwa."

Hilo lilikuwa neno nililolihitaji. Nilinunua kaye ya shule nikaanza kuandika. Niliandika jinsi alivyoondoka kwenye kilio cha mama yangu kabla hatujazika. Niliandika wiki ambayo mtoto mdogo alilazwa na malaria, na yeye akatuma ujumbe wa kumwombea. Niliandika mambo ya chumbani. Kila nilipoandika nilijisikia vizuri, kama mtu anayekula baada ya kufunga.

Nilimpelekea ile kaye mama mmoja mteteaji wa kesi, mteja wangu wa zamani. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko. Aliisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimekaa.

"Hii yote ni kweli?"

"Kila mustari."

"Na wakati inasomwa, watoto watakuwa wapi?"

Nilivuta kaye kwangu. Akanieleza njia nyingine. Mimi nitakuja naye, mume wangu atakuja na mteteaji wake, tutakaa wanne kwenye meza moja mpaka tupatane. Kabla ya kuanza tutatia sahihi karatasi: mmoja wetu akivunja mazungumzo na kwenda kupigana mahakamani, wateteaji wote wawili wanajitoa, kila mtu atafute mwingine aanze upya. Tukipatana, juge atapokea mapatano yetu na kutamka talaka.

"Hiyo ni njia ya watu ambao hawana uchungu," nikamwambia.

"Sijawahi kuona watu kama hao humu ndani, mama. Ila fikiri hivi. Mahakamani anaweza kumutuma avoka asimame kwa niaba yake, yeye abaki Salamabila. Kwenye meza lazima akae mwenyewe, akuangalie."

Hapo nikakubali. Watu wa kanisa walinisifu kwamba nimechagua amani. Mimi nilichagua kumwona usoni.

Tulikutana katika darasa la shule tupu, wakati wa vakansi, kwenye madawati ya watoto wa mwaka wa kwanza, magoti yametufika kifuani. Alikuja na viatu vipya. Mteteaji wake alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilifungua kaye nikasoma. Nilisoma asubuhi nzima, na yule mzee hakunikatiza hata mara moja. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila uongo ambao mume wangu angesema.

Nilipomaliza, akasema, "Ni kweli."

"Ni kweli nini?"

"Yote. Hata ile ya kilio."

Nilitamani kumpiga. Nilikuwa nimebeba mawe ya kumrushia mtu anayekimbia, na yeye alikuwa amekaa tu.

Siku zilizofuata tulipanga mengine. Nyumba ingebaki kwangu na watoto. Wazee wake wasingedai mali waliyotoa kunioa. Hakubishana. Kisha akasema jambo moja tu alilotaka: watoto wakae naye kila vakansi.

Sasa, kuna kitu tulichokijua mimi na yeye tu katika chumba kile. Mume wangu anaogopa pikipiki. Akiwa kijana alianguka nayo kwenye daraja la magogo, dereva akafa. Mjini Kasongo alikuwa akitembea kwa miguu au kusukuma baiskeli. Alipokwenda Salamabila alilala siku mbili kwa homa ya woga, na kurudi mara moja kwa mwaka ilikuwa kwa sababu hiyo pia. Na njia yenyewe ni matope, magogo na vizuizi, wakati wa mvua hata vijana wanaikimbia.

Nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nakubali. Ila awachukue yeye mwenyewe na awarudishe yeye mwenyewe. Asimutume mutu. Hawa ni mabinti."

Akaniangalia. Alielewa palepale. "Kwa pikipiki?"

"Unajua njia nyingine?"

Mzee mwenye miwani akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema hilo ni wazo la mama mwenye akili. Mteteaji wangu aliandika bila kuinua macho. Juge alipolisoma baadaye alilisifu pia. Nilitoka pale nikijua nimemhukumu kuliko tribinali yoyote ingeweza, na ametia sahihi mwenyewe.

Mara ya kwanza alikuja Desemba, mvua inanyesha. Nyuma ya dereva hapakutosha watu watatu, kwa hiyo alikuwa amejifunza kuendesha, akiwa na zaidi ya miaka arobaini. Alishuka mlangoni amejaa matope mpaka masikioni, akashindwa kufungua vifungo vya koti. Sikumpa kiti. Sikumpa hata maji. Nilisimama mlangoni nikamwangalia mpaka nikashiba.

Nilidhani atakuja mara mbili, halafu atashindwa, na watoto wataona ni mtu wa namna gani. Alikuja kila mara. Na watoto wakaanza kusikiliza mlio wa pikipiki tangu asubuhi. Waliporudi walikuwa na hadithi: mahali walipokwama, mama aliyewapa sombe ya kula huko Kabambare, mto uliojaa wakalala kwa watu. Siku moja mkubwa akaniambia akicheka, "Mama, papa anaogopa madaraja. Akifika anaimba nyimbo za kanisa kwa nguvu, na sisi tunaimba naye mpaka tuvuke."

Mimi nilikaa naye miaka kumi na moja na hakuwahi kuniambia kwa mdomo wake kwamba anaogopa. Niliambiwa na mama yake.

Mwaka jana alianguka. Alivunjika mfupa wa bega akija kuwachukua. Alifika siku ya pili, mkono umefungwa kwa kitenge, pikipiki inasukumwa na wapita njia. Nilifurahi, sifichi. Kisha nikawaona binti zangu wakimvua viatu, mmoja kila upande, na ile furaha ikageuka wivu.

Mteteaji wangu akaniita. "Mama, tunaweza kubadilisha kile kifungu. Mdogo wako anaweza kuwapeleka."

"Ameomba?"

"Nilimuuliza. Anasema kisiguswe."

Nikawaka. "Basi kifutwe! Kifutwe leo."

Akaweka kalamu chini. "Ulipokitoa nilijua kwa nini unakitoa. Niliona uso wako. Nilikiandika kwa sababu kilikuwa kizuri kwa watoto. Sasa unataka kukifuta kwa sababu ileile. Tumuulize mutoto mukubwa."

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Alikaa kwenye kiti cha ofisi ile, akatuangalia mimi na baba yake kwa zamu. "Hapana, mama," akasema. "Mukitaka, mubadilishe mengine. Ile njia ni yetu."

Kifungu kikabaki.

Mdogo wangu bado anasema mahakamani tungemshinda. Namwamini. Kaye ninayo, chini ya vitambaa, na ziko siku ninaifungua, ninasoma ukurasa mmoja, ninasikia joto lile la zamani. Sijamsamehe, na sioni siku ya kumsamehe. Vakansi ikifika ninawafungia watoto mizigo, ninawabusu, ninaingia ndani na kufunga mlango kabla hajawasha pikipiki. Kisha ninakwenda dirishani, nyuma ya pazia, kuangalia kama amemfunga vizuri mtoto mdogo asianguke.