Moyo wa Mama Chini ya Mbavu

Katika miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipotufungia ndani ya vijiji vyenye ulinzi, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani bora wa kijiji chetu, karibu na Ruiri. Ndivyo nilivyojiona, nikiwa darasa la nne. Mama alipougua nikaandikiwa pasi ya kumpeleka hospitali ya misheni: siku moja tu, nirudi kabla lango halijafungwa.

Majuma machache kabla, tumbo lilimuuma upande wa kulia, chini, kisha likanyamaza. Halafu ikaja homa ya kutetemeka, na bega la kulia likamnyima usingizi. Watu wote walilaumu jembe, maana wanawake walichimbishwa handaki la kuzunguka kijiji. Msimamizi wa kijiji, aliyetoa pasi, alilaumu uvivu.

Dresa wa hospitali, yaani msaidizi wa daktari, alitoka mbali, hakujua Kimeru. "Mama anaumwa na nini?"

Mama akasema ni nkoro. Nikatafsiri kwa sauti ya darasani: "Moyo unamuuma!"

"Siku hizi ni nani moyo haumuumi?" Dresa akamsikiliza kifua. "Huu uko sawa kabisa. Mpe aspirini, mrudishe nyumbani."

Hakuna aliyekuwa amenifundisha kwamba nkoro yetu ni moyo, na pia ni pale chini ya kifua panapokataa chakula. Kiswahili changu cha kujivunia kilikuwa karibu kumuua mama yangu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyejiokoa. Aliukamata mkono wa dresa, akauweka chini ya mbavu za kulia. Dresa akabonyeza kidogo, mama akapiga yowe.

"Wewe mwalimu," dresa akaniambia, "kwenu moyo unakaa huku?"

Akamwita daktari, naye akaingiza sindano ndefu ubavuni, akavuta usaha wa manjano wenye kunuka vibaya. Ungekuwa wa amiba, dresa alinieleza, ungekuwa wa kahawia kama kakao. Hili lilikuwa jipu la bakteria ndani ya ini. Pengine kidole tumbo kilioza kimyakimya, uchafu wake ukasafiri na damu hadi huko. Angechomwa penisilini kwa majuma, na usaha ukijaa tena, uvutwe tena.

"Atapona?"

"Amefika akiwa hai. Hiyo ni nusu."

Pasi yangu ilikuwa inaisha. "Nenda," mama akasema, "na usile ugali mbichi." Nikaenda, nikala ugali mbichi majuma sita. Niliomba pasi nyingine mara tatu. Msimamizi aliniuliza kama nimekuwa daktari.

Kisha mchana mmoja lori la mfanyabiashara wa mjini likamshusha mama nje ya lango. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Mlinzi alichukua karatasi yake ya hospitali, akaanza kuisoma neno kwa neno. Mama akaketi chini kusubiri. Mimi nilikuwa ndani ya seng'enge, hatua kumi hivi, bila ruhusa ya kutoka.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Lakini siku hizi, nikimkumbuka, ni huyo ninayemwona: ameketi vumbini, ananichunguza toka kichwani hadi miguuni, anauliza kwa sauti ya kusikika kijiji kizima ni nani aliyeninyoa vibaya namna hiyo.