Pindo la Mawimbi kwenye Leso ya Mama

Siku mama alipomkuta mume wangu kifua wazi, upande mmoja wa blanketi la mtoto ulikuwa bado haujashonwa. Nikikumbuka, uso bado unanichoma.

Tulikaa Kaloleni, Nairobi, chumba kimoja, pazia katikati: huku kochi, kule kitanda. Mama alikuwa ametoka magharibi kuja kusubiri nijifungue. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mkwewe, wala hagusi anachojifunika huyo mkwe, kwa hiyo alilala kwa jirani, mama mmoja wa kanisani. Mchana, mume wangu akiwa kazini, alikuja kwangu kumshonea mjukuu wake blanketi la viraka. Pindo alilitaka la mawimbi. Alipindua kisahani cha chai, akazungusha kipande cha sabuni ukingoni, nusu duara baada ya nusu duara, kisha akashona kwa mkono bila haraka. Ungedhani ni cherehani.

Siku hiyo kiwandani stima ilipotea, mume wangu akarudi mapema. Mimi nilikuwa bombani nafua. Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai Nairobi haina adabu. Bwana akavua shati lililolowa manyunyu, akajitupa kochini, akavuta kilichokuwa karibu akajifunika. Mama, aliyekuwa ametoka kidogo, alirudi akafungua mlango akidhani ni mimi niko ndani. Akamkuta mkwewe kifua wazi, blanketi la mtoto mabegani, mawimbi yamemzunguka shingo kama kola ya mtoto wa kwaya.

Nilimwona mama akitoka kinyumenyume, leso usoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na beseni langu.

"Aki sikujua ni yeye," mume wangu alisema, akihangaika na shati. "Sasa hii sura nitaficha wapi?"

"Ficha hapo hapo chini ya blanketi. Si ushalivaa?"

Nilimfokea, lakini aibu haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya chumba kile, kisichokuwa na mahali pa mwanaume kuvulia shati. Na ni mimi niliyewaambia watu nyumbani kwamba Nairobi tunakaa vizuri.

Mama hangeligusa tena lile blanketi. Kazi ikabaki yangu, na mimi, binti wa mshonaji anayejulikana kijiji kizima, sikujua kushona pindo la mawimbi. Utotoni, kila aliponiita nikae kando yake nilikuwa na vitabu vyangu. Nikalipeleka kwa jirani, nikaketi mbali na mama kidogo. Nikakata utepe wa kitambaa ulionyooka wa kupindia, nikashona. Mawimbi yakajikunja. Nikafumua, nikarudia, yakajikunja tena. Mama alitazama huku mikono yake ameikalia.

"Utepe ukate mshazari, mama, kona kwa kona," akaniambia. "Mshazari unavutika, unafuata duara."

"Mshazari vipi?"

Mwanamke mzima, tumbo hilo mbele, naulizia mshazari! Jirani akajifanya anachochea jiko.

Mama akafungua mfuko wake, akatoa leso niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, ile ya Jumapili tu. Akaweka kisahani juu yake, akazungusha sabuni. Kabla sijapata neno, mkasi ulikuwa umepita.

"Mama, leso yako!"

"Nyamaza, ushone. Hapo katikati ya wimbi na wimbi usivute. Geuza kitambaa polepole."

Akashona wimbi moja kwenye leso, nami nikafuata wimbi moja kwenye blanketi, hivyo hivyo hadi kona. Yake yalilala kimya. Yangu yaliinuka kidogo, lakini yalishika.

Jumapili alijifunga leso hiyo kanisani. Baada ya ibada kina mama walimzunguka, wakishikashika pindo, wakimuuliza mtindo huo umetoka wapi.

"Ni wa huku Nairobi," mama akawajibu, akinielekezea kidole. "Msichana wangu ndiye amenifundisha."

Wote wakanigeukia. Nikainamisha kichwa, nikawa natazama viatu vyangu.